Wikendi Wadi Natrun: mwongozo kwa vijana wa Kigoma wanaojitolea Kairo

Kabla ya kuulizia nauli, ulizia mfungo. Usafiri wa Wadi Natrun, jangwa la monasteri za kale nje ya Kairo, upo, barabara ni lami tupu, na kuingia ni bure. Kinachomrudisha mgeni langoni ni kalenda. Waorthodoksi wa Misri, yaani Wakopti, hufunga siku zaidi ya 200 kwa mwaka, na katika mifungo mikubwa baadhi ya monasteri hazipokei wageni kabisa ili wamonaki, yaani watawa wa kiume, wabaki na sala zao. Hapo hata ungetoka Kigoma, mwisho wa reli, lango ni lile lile.

Mifungo miwili ndiyo ya kuandika kwenye daftari. Wa kwanza ni wa Noeli, kuanzia 25 Novemba hadi 6 Januari, kwa sababu Krismasi yao ni 7 Januari. Desemba yote, mwezi ambao miradi mingi huwapa vijana likizo, imo ndani ya mfungo huo. Wa pili ni Kwaresima yao, siku 55 kabla ya Pasaka. Hapa Mkatoliki wa Kigoma ndipo anapoteleza. Mwaka 2025 Pasaka ya Roma na ya Wakopti ziliangukia siku moja, 20 Aprili, na mwaka 2026 zimepishana wiki moja tu. Lakini mwaka 2027 ya Roma ni 28 Machi na ya Wakopti ni 2 Mei. Kwa hiyo utakuwa umekwisha kula Pasaka yako, umeshiba, umepanga safari ya katikati ya Aprili, kumbe wenzako wamo katikati ya mfungo mkali ulioanza 8 Machi.

Majira mazuri ni mawili. Moja ni kuanzia katikati ya Oktoba hadi tarehe 24 Novemba. Jingine ni baada ya Noeli yao hadi mkesha wa Kwaresima. Yote mawili yana hewa ya baridi, na la pili lina baridi kweli kweli. Agosti inawezekana, ila kuna mfungo wa Bikira Maria tarehe 7 hadi 21, na jua la jangwani mchana halina huruma. Machi hadi Mei kuna upepo wa vumbi uitwao khamsini; siku ukivuma, dereva haoni mbele na wewe huoni kitu.

Hata ukiwa nje ya mifungo, piga simu kwanza. Usipige wewe mwenye Kiarabu cha sokoni. Mwombe Mkopti wa ofisini kwenu au wa mtaani akuulizie monasteri gani inapokea Jumamosi hiyo. Dakika tano za simu yake zinaokoa siku nzima.

Zipo nne, chagua mbili

Wadi Natrun ni bonde la jangwani lililo chini ya usawa wa bahari, kando ya barabara ya jangwani itokayo Kairo kwenda Aleksandria, kama kilomita 100 kutoka Kairo. Jina linatokana na natroni, aina ya magadi waliyotumia Wamisri wa kale kukaushia maiti. Mtu wa Kigoma anayetia magadi kwenye maharage anaujua ukoo wake. Wamonaki walianza kuishi hapa karne ya 4, Makari Mkuu akiwa miongoni mwa wa mwanzo, na hawajaondoka mpaka leo.

Monasteri zilizobaki ni nne: Anba Bishoy, Surian (maana yake ya Wasiria), Baramus na Abu Maqar. Ushauri wetu ni mmoja: siku moja, monasteri mbili, Bishoy na Surian. Hizi ni jirani kabisa, mwendo wa miguu kama nusu kilomita. Baramus iko mbele zaidi, na Abu Maqar iko upande mwingine, mbali na hizo tatu, ina njia yake kutoka barabara kuu. Usimwambie dereva "deir" peke yake. Neno hilo ni monasteri tu, naye atakupeleka anakotaka. Sema "Deir Anba Bishoy" na umwonyeshe jina limeandikwa kwa Kiarabu kwenye simu. Wanaotaka kuzimaliza zote nne kwa siku moja huishia kuona malango manne na kukumbuka kiti cha taksi.

Ikiwa itabidi kuchagua moja, chagua Surian. Kanisa lake lina mlango wa mbao nyeusi uliopambwa kwa pembe za ndovu, wa karne ya 10, wenye vibao vilivyopangwa safu saba. Pia lina michoro ya ukutani iliyokuwa imefunikwa na lipu kwa karne nyingi. Moto wa mwaka 1988 ndio uliosababisha ukaguzi wa kuta, na mwaka 1991 ukaonekana mchoro mkubwa wa Malaika Gabrieli akimpasha Maria habari. Ndani ya kanisa hilo hilo kuna kijishimo kidogo ambamo, kwa masimulizi yao, Mtakatifu Bishoy alikuwa akifunga nywele zake darini ili asisinzie wakati wa kusali. Ukiwa mrefu, inama.

Halafu nje kuna mti. Mgeni kutoka Ulaya huuliza ni mti gani. Wewe utautambua kabla hujaambiwa, maana ni mkwaju. Wanasimulia kwamba Mtakatifu Efremu Msiria alichomeka fimbo yake ardhini ikachipua. Aliyekulia Ujiji, ambako kila mgeni hupelekwa kuonyeshwa mwembe wa Livingstone na Stanley, ataelewa haraka kwa nini mti unaweza kubeba historia ya mahali. Usichume ukwaju. Usibandue gamba. Uliza kwanza ikiwa unataka hata jani lililoanguka.

Bishoy ndiyo ambayo kwa kawaida hupokea wageni hata zile nyingine zinapofunga. Hapo ndipo alipozikwa Papa Shenuda wa Tatu, mkuu wa Wakopti aliyefariki Machi 2012, na foleni kaburini kwake huwa ndefu siku za Ijumaa na Jumapili. Angalia pia ngome: mnara mnene wenye mlango juu ghorofani, unaoingiwa kwa daraja la mbao la kuinuliwa. Wavamizi wa jangwani walizishambulia monasteri hizi mara kwa mara karne ya 5. Wamonaki wakikimbilia mnarani, wakainua daraja, adui alibaki chini akiutazama ukuta.

Ijumaa ya kujizoeza, Jumamosi ya safari

Wikendi ya Misri ni Ijumaa na Jumamosi, si Jumamosi na Jumapili. Wengine huenda Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya kwanza ya mapumziko, nao hukuta mabasi ya mahujaji kutoka kila parokia ya Kairo. Watoto ni wengi, mmonaki anayeongoza wageni amechoka, na michoro unaiona kupitia mabega ya watu. Jumamosi huwa kuna nafasi zaidi.

Ijumaa itumie Kairo ya Kale. Panda metro, laini ya kwanza, ushuke kituo cha Mar Girgis. Ukitoka tu, Jumba la Makumbusho la Kikopti na Kanisa la Kuning'inia viko mbele yako. Hapo utajifunza adabu za kanisa la Kikopti mahali ambapo wageni wamezoeleka na kosa lako halishtui mtu. Nenda asubuhi. Mchana wa Ijumaa, wakati wa sala, mji hupoa na usafiri hupungua.

Saa: tego kwa Mswahili

Hili tunalieleza kwa urefu kwa sababu linawaumiza Waswahili tu, na vitabu vya watalii havilitaji. Namba za Kiarabu za sita, saba na tisa ni zile zile zetu: sitta, sab'a, tis'a. Hata neno saa ni lile lile. Sikio la mtu wa Kigoma likisikia "is-saa sitta", moyo unasema adhuhuri. Kumbe Mmisri anahesabu kama saa ya ukutani ya Kizungu: sitta yake ni saa kumi na mbili yetu, sab'a yake ni saa moja, tis'a yake ni saa tatu.

Hasara kubwa iko kwenye kurudi. Unataka dereva akufuate saa tisa alasiri, unasema "tis'a" ukijipongeza kwa Kiarabu chako, naye anaelewa saa tatu usiku. Unachotakiwa kusema ni "talata". Dawa yake ni kutotegemea mdomo. Andika 15:00 kwenye simu, mwonyeshe, naye aitike. Ongeza na hili: majira ya baridi Misri iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba husogeza saa mbele, zikawa sawa na za kwetu. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi uliyonunua Mwanga haijirekebishi.

Karatasi na ukaguzi

Beba pasipoti yenyewe, si kivuli. Kivuli weka kwenye mkoba mwingine, na picha yake kwenye simu. Njiani kuna vizuizi vya polisi, na langoni kuna ukaguzi wa mizigo na vitambulisho. Usiuchukulie kama dharau kwa mtu mweusi. Mabasi ya mahujaji Wakopti yalishambuliwa kwa risasi katika jangwa la Minya Mei 2017 na tena Novemba 2018, na ukaguzi unawahusu wote. Usipige picha kizuizi, askari wala gari lao. Kosa hilo dogo linaweza kukulaza kituoni.

Mwarifu msimamizi wako wa mradi kwa maandishi: unakwenda wapi, na nani, unarudi saa ngapi. Miradi mingine ina masharti kuhusu kutoka nje ya mji. Ni bora kuyajua Jumatano kuliko Jumamosi usiku.

Muislamu wa Ujiji anaingia bila shida, ataulizwa kitambulisho kama mwingine yeyote. Na masikio yake yatafurahi: kanisa kwao ni kanisa, msalaba ni salib, mmonaki ni rahib. Mmonaki utamwita "abuna", baba yetu.

Njiani

Kuna mabasi na magari madogo ya kwenda upande wa Wadi Natrun, na mji wa kushukia ni Bir Hooker. Safari ni kama saa mbili, ukiongeza foleni ya kutoka Kairo. Ondoka saa moja asubuhi; ukiondoka saa tatu, utafika mchana wakati wamonaki wamejipumzisha. Magari madogo ni kama Hiace zetu: yanajaza ndipo yaondoke. Mara nyingi hakuna konda. Nauli hupitishwa mbele mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na chenji hurudi kwa njia ile ile. Ukikaa viti vya mbele, jiandae kuwa mweka hazina wa gari zima, au hamia nyuma.

Kutoka Bir Hooker hadi monasteri ni jangwa, usijaribu kwa miguu. Chukua taksi, mkiwa wanne gharama inagawanyika vizuri. Patana mambo manne kabla hujafungua mlango: bei ni ya gari zima si ya kichwa, ni kwenda na kurudi, anasubiri saa ngapi, na monasteri zipi. Lipa mwisho. Ukilipa yote wakati wa kwenda, umemruhusu aondoke, na huko jangwani hakuna bodaboda ya kuita. Beba noti ndogo ndogo, kwa kuwa noti kubwa haina chenji sehemu hizo.

Kingine cha kubeba: maji lita mbili kwa mtu, kofia, sweta zito kuanzia Novemba hadi Machi (Kigoma haikuandai kwa baridi ya jangwani asubuhi), karatasi ya chooni, na ramani iliyopakuliwa kabla, maana mtandao unayumba. Zawadi si lazima, lakini pakiti ya kahawa ya Kigoma iliyokaangwa na kufungwa vizuri inafaa hata siku ya mfungo. Dagaa waache nyumbani. Katika Kwaresima yao, na Jumatano na Ijumaa nyingi za mwaka, hata samaki haliwi.

Mavazi

Wanaume suruali ndefu na shati lenye mikono. Kaptula hapana, hata kama joto ni kali. Wanawake gauni au sketi iliyovuka magoti, mabega yafunikwe. Kanga mbili ndani ya begi zinatatua karibu kila kitu: moja kiunoni juu ya suruali, nyingine mtandio wakati wa ibada. Kitenge kilichoshonwa vizuri kinapendeza sana huko, alimradi mgongo haujaachwa wazi. Chagua kanga kwa jina lake pia. Wamisri hawasomi Kiswahili, lakini mwenzako wa Kitanzania anasoma, na kanga ya mafumbo ya wivu mbele ya madhabahu itawafanya mcheke pasipofaa.

Soksi ziwe nzima. Viatu huvuliwa penye zulia, na jiwe la sakafu Januari ni barafu.

Ndani

Lango kubwa likiwa limefungwa, gonga kengele mara moja, subiri. Atakuja mmonaki au mlinzi. Mmonaki utamjua kwa kanzu nyeusi na kofia nyeusi iliyotariziwa misalaba. Waumini humbusu mkono au msalaba alioshika. Wewe mgeni inatosha kuinamisha kichwa, mkono kifuani. Mwanamke asitangulize mkono, asubiri aone mmonaki anafanyaje.

Mwombe akupe mwongozaji. Wengi wanajua Kiingereza, na maelezo yao ni bora kuliko ya mwongozaji wa kulipwa. Mmonaki hapewi bahshishi mkononi; sadaka inawekwa kwenye sanduku. Picha uliza kila kanisa upya, na zima mwanga wa kamera: michoro mingine ina miaka zaidi ya 1,000. Mmonaki mwenyewe usimpige picha bila ruhusa.

Kama kuna ibada, wanaume husimama kushoto na wanawake kulia, ukitazama madhabahu. Nyuma ya ukuta wa mbao uliochongwa ndipo patakatifu, haikal. Usichungulie wala usiingie. Komunyo ni kwa Waorthodoksi waliobatizwa na kujiandaa, kwa hiyo Mkatoliki au Mwanglikana asiingie kwenye mstari hata kama jirani anamsukuma kwa ukarimu. Lakini mwishoni hugawiwa mkate wa duara uitwao urban, ndugu wa neno letu kurbani. Huo unaupokea. Uutazame kabla hujaula: katikati pana msalaba, pembeni misalaba 12 ya mitume, na matundu matano, majeraha ya Kristo. Pokea kwa mikono miwili, kula bila kudondosha makombo, ukibaki ufunge kwenye kitambaa safi. Kuutupa ni tusi.

Ukikaribishwa chakula, ni cha kawaida: mkate, ful (maharage makubwa yaliyopondwa), pengine taamiya, ambayo ni bagia tu ya kunde za kwao. Siku za mfungo chakula kisicho na nyama, maziwa wala mayai huitwa siyami, neno la ukoo mmoja na saumu yetu. Litumie hata dukani Kairo.

Kulala

Hapa kundi lenye wanaume na wanawake linapaswa kupanga mapema. Kulala ndani ni kwa wanaume tu, na kwa barua ya ruhusa iliyoombwa Kairo kabla ya safari, kupitia ofisi ya kanisa. Kufika jioni ukitegemea kuhurumiwa hakufanyi kazi. Aliyepata ruhusa ajue kwamba sala huanza usiku wa manane au alfajiri mno, hakuna muziki, hakuna sigara, na kitanda unakitandika mwenyewe. Wengine wote, rudini Kairo siku ile ile.

Kwa hiyo ratiba ya Jumamosi iwe hivi: saa tatu na nusu mko Surian, mkae mpaka saa tano, mtembee hadi Bishoy, mmalize kabla ya saa saba, chakula na kivuli, saa tisa taksi. Mkifika barabara kuu, pandeni gari lolote linaloelekea Kairo wakati jua bado lipo, maana magari yanayopita kasi jangwani hayamwoni mtu gizani, na dereva wa mwisho huuza kiti kwa bei anayotaka. Dereva wa taksi asipotokea hadi saa tisa na nusu, rudini langoni mkamwambie mmonaki wa wageni. Ana namba za madereva wanaoaminika, na huwa hashangai.